Uzi wa Mafundo Arobaini na Moja

Usambara,
2 Aprili 1954

Dada yangu Yudith,

Shikamoo. Najua utaitazama bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua, maana ni miaka sita hujaiona hati yangu. Usiogope, hajafa mtu. Mama hajambo, ila goti linamsumbua, na mwaka huu baridi imewahi. Baba bado ni mzee wa kanisa, na bado mtu akikohoa wakati wa mahubiri humgeukia na kumkazia macho. Alinikuta naandika, akauliza ni barua ya nani. Nikasema ya kazi. Ile barua ya mwaka 1948 iliyotoka hapa nyumbani kwa mkono wangu, nakuomba tuiweke kando kwanza.

Na kweli hii ni ya kazi. Siku hizi mimi ni dresa, msaidizi wa daktari, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, huku huku milimani. Daktari wetu mpya ni Mzungu mwenye mtindo wake: anasema mgonjwa wa namna hii, dawa yake ya kwanza ni mtu wa kuzungumza naye anayemwamini. Basi kila dresa amepewa wagonjwa wake wa kuzungumza nao nusu saa kila siku. Mimi nimepewa wanaojua Kiswahili tu, maana wahudumu wengi wa wodi ya wanawake, hata mkubwa wao Elizabeti, wamezoea Kishambaa.

Katika hao yumo mama mmoja aliyeletwa na polisi katikati ya Machi. Walimkuta Pongwe, kando ya barabara, anatembea peke yake na kifurushi. Wakamuuliza jina, hakujibu. Wakamuuliza anakwenda wapi, akasema neno moja, "Mkwaja," kisha akajifunika uso. Tangu hapo hajasema neno lingine. Nikiingia chumbani anavuta shuka mpaka utosini na kugeukia ukutani. Nimejaribu upole, nimejaribu utani, nimejaribu hata kuimba. Elizabeti akimpelekea mafuta ya nywele anayasukuma. Nilimnunulia mwenyewe sabuni nzuri ya kunukia, akaitupa dirishani. Siku moja tu alipiga kelele, tarehe 24 Machi, akamjeruhi mhudumu bila sababu, na sasa amewekwa chumba cha peke yake.

Wewe unakaa Mkwaja. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, ana kovu la kuungua kwenye kiganja cha kushoto. Je, unamjua? Watu wa huko mtu huanza nao vipi mazungumzo? Nakwambia kweli, dada, mimi hapa nimekwama.

Msalimie sana shemeji Mselem.

Ni mimi ndugu yako,
Fanueli


Mkwaja,
19 Aprili 1954

Mdogo wangu Fanueli,

Marahaba. Barua yako imekaa Pangani hata imechoka, ndipo ikapata mtu wa kuileta. Nimeitazama mara nne, si mbili. Jina langu ni Mastura, na la Yudith sijalikataa, ila huku ukiuliza Yudith hakuna atakayekuonyesha nyumba. Mwambie Mama goti alikande kwa mafuta ya nazi niliyotuma pamoja na barua hii, ayapashe moto. Mwambie kwa siri, kama ndivyo mnavyoishi. Sisi tupo kama Mungu alivyotujalia. Salamu zako nimezipokea.

Mama huyo ni Asmahani binti Uweso. Kovu alilipata utotoni, kwa chungu cha mchuzi, kila mtu hapa analijua. Baba yake hayupo duniani, ndugu yake wa pekee yuko Pemba. Aliolewa na mtu aitwaye Shekhe, wakahamia Pongwe kwenye kazi ya kuchoma chokaa. Mwezi wa Februari zilitufika habari kwamba Shekhe amekufa kwa homa. Baadaye tukasikia mwenye nyumba kamtoa mjane nje, akataka chumba chake. Tulidhani kapokewa na watu. Kumbe kapokewa na polisi.

Fanueli, huyo si mwehu. Huyo yumo edani. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki mafuta wala kitu cha kunukia, na kwa desturi ya huku haonani na mwanamume yeyote asiye maharimu wake, yaani ndugu ambaye hawezi kumwoa kamwe, sembuse kukaa naye nusu saa akiimbiwa! Wallahi nilipofika hapo pa kuimba nilicheka, kisha nikalia. Kila siku unaingia chumbani kwa mjane, unamtaka aseme nawe, na unamtilia sabuni ya marashi mkononi. Mtu angemfanyia Mama hivyo, ungemfanya nini?

Acha kuingia. Kaa nje, mlango urudishwe. Kama una neno, mpe mwanamke akuingizie. Sabuni mpeni ya mche, ile ya kufulia, haina harufu.

Na nikuulize jambo. Mwanamke akiwa edani, siku zake ndizo zinazomshika. Asiyejua kusoma kalenda huhesabu kwa punje, au kokoto, au uzi. Yeye alikuwa na kitu cha kuhesabia? Bado anacho?

Dada yako,
Mastura


Usambara,
3 Mei 1954

Dada,

Shikamoo, na asante. Mafuta ya nazi nimempa Mama. Nilimwambia yametoka dukani, akanusa, akanitazama, akasema, "Duka hilo liko pwani." Hakuuliza zaidi. Amejipaka kila jioni.

Nimefanya ulivyosema. Siingii tena. Nakaa barazani kwenye stuli, mlango umerudishwa, na Elizabeti ndiye anayeingia. Sabuni ya mche imekubaliwa, siku hiyo hiyo alioga mwenyewe. Elizabeti alinijia anakimbia kama aliyeokota almasi. Nimemwambia Asmahani nikiwa mlangoni, "Mama, nimekosa, sikujua." Elizabeti anasema aliacha kujifunika, akawa anautazama mlango.

Lakini hasemi. Nawe ukumbuke kwamba Elizabeti ndiye aliyemwogesha kwa nguvu siku ya kwanza, na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Nilipomweleza Daktari habari ya eda alisikiliza vizuri, akaandika, kisha akasema, "Inawezekana. Lakini mjane mwenye akili timamu angalau angemwambia mwanamke mwenzake jina lake. Na huyu alimshambulia mtu." Kesho mfungo unaanza, nimekwisha agiza chakula chake kiwekwe mpaka magharibi na kingine alfajiri, wasije wakaandika kwamba amegoma kula. Hilo nililijua bila kufundishwa, unipe sifa yangu.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 31 Mei linakuja gari la kuchukua wagonjwa wasioonyesha nafuu, wapelekwe ile hospitali kubwa ya bara. Dada, kutoka kule sijaona mtu aliyerudi. Jina lake limo kwenye orodha. Daktari amesema akizungumza kabla ya siku hiyo, akajieleza, atalifuta. Asipozungumza, anakwenda.

Njoo. Panda gari mpaka Tanga, halafu treni mpaka Mombo, nitakupokea hapo. Kaa naye siku moja tu. Wewe ni mwanamke, unatoka Mkwaja, unajua huku na unajua huko. Hakuna mwingine. Baba nitamkabili mimi.

Msalimie shemeji Mselem, umwombe ruhusa kwa niaba yangu.

Fanueli


Mkwaja,
14 Mei 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Mfungo unakwenda salama. Umefanya vizuri kuhusu chakula, sifa yako hiyo hapo, ichukue.

Siwezi kuja. Usiniulize kwa nini, na usiniandikie habari ya treni. Ningekuwa naweza ningekwisha fika.

Nawe hukunijibu. Nimekuuliza kitu kimoja katika barua nzima, ukanijibu habari za goti, sabuni na almasi. Nakuuliza tena: alikuwa na uzi? Uko wapi?

Mastura


Usambara,
21 Mei 1954

Dada,

Barua hii nampa Tadeo, dereva anayeshuka Pangani na viazi, maana posta itaniua.

Nimesoma barua yako mistari sita. Mistari sita! Mtu anazama, naye dada yangu ananiandikia kwamba hawezi, nisiulize. Kumbe ndivyo mlivyo huko? Ulipotaka kwenda kwa Mselem hakuna aliyekuzuia, wala machozi ya Mama hayakukuzuia, wala mvua, ulitoka na kikapu kimoja. Leo mwanamke wa dini yako mwenyewe anapelekwa bara kufia katikati ya watu wasiojua hata jina la mji wake, nawe huwezi kupanda gari. Au Mselem ndiye anayekukataza? Basi msalimie, umwambie kwamba nilimdhania muungwana.

Nimeandika hayo asubuhi. Sasa ni mchana, na nilitaka kuichana karatasi, lakini sina nyingine. Najua kwa nini nina hasira. Ni kwa sababu umeuliza mara mbili.

Alikuwa na uzi. Uzi mweupe wa pamba, ameufunga kiunoni chini ya nguo, una mafundo. Sheria ya wodi ni kwamba mgonjwa asiwe na kamba wala uzi, maana mwaka jana mmoja alijinyonga. Tarehe 24 Machi Elizabeti aliuona wakati wa kuogesha, akaniita. Mimi ndiye niliyeukata, dada. Niliingia mwanamke yule akiwa amejisitiri kwa taulo tu, nikaukata kwa mkasi, na yeye ananitazama. Mhudumu aliyejeruhiwa ni mimi, na lile "bila sababu" niliandika mimi. Alinikwaruza hapa shingoni akilia "Siku zangu! Siku zangu!" Kwa hiyo si kweli kwamba hakusema neno tangu polisi. Alisema. Nikaandika kwenye kitabu kwamba amepayuka.

Uliponieleza habari ya eda nilielewa papo hapo. Nilishindwa kuandika. Kuandika kungekuwa kukwambia kwamba mimi si mtu wa kuzungumza na wagonjwa, mimi ni mtu wa kuwaibia. Uzi ninao, uko kwenye mtoto wa meza. Nimehesabu mafundo, ni arobaini na moja. Nilitaka kumrudishia, lakini utamfaa nini? Tangu siku ile zimepita siku hamsini na kitu na yeye hajui ni ngapi. Kwenye chumba kile asubuhi zote ni moja.

Zimebaki siku kumi. Sijui la kufanya. Nisaidie.

Fanueli


Mkwaja,
26 Mei 1954

Fanueli,

Tadeo yupo nje ananingoja, naandika haraka.

Ya asubuhi yako sitaiandikia leo. Ya mchana nimeisoma, na ninakushukuru. Ungeniambia mwezi uliopita, ningekwisha kukusaidia.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, nimeigandisha kwa unga wa muhogo. Ni ya Asmahani. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, anazijua, alisoma chuo cha Kurani na mashangazi wa mume wangu. Wewe huwezi kuisoma, na ndivyo ninavyotaka. Usimpe Daktari aitazame. Usimtafutie mtu wa kukufasiria. Mpe Elizabeti aiingize pamoja na uzi, uzi wote, hata kile kipande ulichokikata, na amtajie tarehe ya siku hiyo. Mlango urudishwe. Wewe ukae kwenye stuli yako na usiseme kitu. Usiimbe.

Najua nakutaka uchukue kitu mkononi usichojua kilichomo. Yeye ndivyo alivyowatazama ninyi miezi miwili.

Mastura


Usambara,
1 Juni 1954

Dada yangu Mastura,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tatu.

Tadeo aliharibikiwa na gari Muheza, akafika jana asubuhi, tarehe 31, saa tatu. Gari la bara lilikuwa limekwisha simama uwanjani, mlango wa nyuma wazi. Wagonjwa watatu walikuwa wamekwisha pandishwa. Nikamwomba Daktari nusu saa. Akatazama saa yake, akasema, "Nusu saa ni haki yake ya kila siku."

Nilifanya kama ulivyoagiza. Elizabeti aliingia na barua na uzi, akatoka, akaketi chini karibu yangu. Tukasikia karatasi ikichanwa. Kisha akawa anahesabu, kwa sauti ya chini, na tukajua anafunga mafundo. Elizabeti alinishika mkono, anahesabu naye kwa Kishambaa. Alipofika mia na tisa akaacha. Ndipo akalia. Si kilio cha wodini, dada. Kilio cha msibani, cha mtu aliyepata mahali pa kulilia.

Halafu akaniita. "We dresa."

Nikasema, "Naam, mama."

"Uko mbali na mlango?"

"Niko mbali."

"Dada yako amenirudishia siku zangu. Leo nina siku mia na tisa. Yeye ana tisini. Ameniambia tumalize pamoja, mimi nitangulie siku kumi na tisa, nimfungulie njia."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nikauliza, "Siku gani, mama? Dada yangu ana siku za nini?"

Akasema, kwa upole ambao mimi sikuwahi kumpa, "Kumbe hukuambiwa. Basi pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa na shemeji yako."

Dada, mimi nilikaa chini sakafuni. Tisini. Mselem alikufa tarehe tatu Machi, na mimi nimemsalimia mara tatu. Nimesalimia maiti mara tatu, na mara ya tatu nikamtukana. Nawe ulikuwa unasoma barua hizo edani, na kila nilichokueleza habari za Asmahani ulikuwa unakijua kwa mwili wako. Nikakwambia panda gari.

Na najua kwa nini hukusema. Nimeikumbuka barua ya 1948 neno kwa neno, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu hata kama maneno yalikuwa ya Baba. "Siku utakapofiwa na mtu huyo usilete kilio chako hapa. Hapatakuwa na wa kukupa pole." Niliandika kwa hati nzuri. Baba aliisifu.

Daktari alipokuja baada ya nusu saa yake alimkuta mgonjwa nyuma ya mlango anamtuliza dresa. Aliuliza Elizabeti kuna nini, na Elizabeti akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko vyote nilivyowahi kumsikia: "Wanapeana pole." Akasimama hapo hapo nje, hakuingia, akamuuliza kupitia kwangu jina, mji, mume, na leo ni siku ya ngapi. Asmahani alijibu yote, na mwisho akamuuliza Daktari ni nani amemruhusu mwanamume kuingia kwenye bafu la wanawake na mkasi. Nilifasiri. Nilifasiri lote, sikupunguza. Daktari alinitazama, kisha akachukua orodha akalifuta jina. Gari limeondoka na wale watatu. Mmoja wao, kijana wa Kizigua, mimi pia ndiye niliyekuwa nazungumza naye. Hajawahi kunijibu, na sasa sitajua nilimkosea wapi.

Kitabu cha wodi nimekisahihisha. Pale pa "bila sababu" nimeandika sababu na jina langu. Sijui nitabaki kazini.

Asmahani atamaliza eda yake hapa, chumba chake mwenyewe, tarehe 20 Juni, Elizabeti ndiye mlinzi wa mlango. Baada ya hapo Daktari anataka jamaa wa kumpokea. Nimekutaja wewe bila kukuuliza.

Nilikwenda nyumbani jioni nikamwambia Mama. Alishusha kanga kichwani, akakaa chini ukumbini, akanyoosha miguu pamoja na goti lake, akakulilia mbele ya Baba kwa jina la Mastura. Sijui alilijulia wapi. Baba alizima redio, akakaa.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini niruhusu nije.

Fanueli


Mkwaja,
11 Juni 1954

Mdogo wangu Fanueli,

Marahaba, na Idi imepita. Niliila ndani, peke yangu, nikapelekewa sahani na majirani, na nikafikiri habari ya mtu mwingine aliyekuwa akila peke yake nyuma ya mlango huko milimani. Ilinifaa.

Mselem aliumwa siku nne tu, tumbo. Siku ya tatu aliniambia, "Waandikie kwenu." Nikamwambia nitaandika. Sikuandika. Ile barua yako ninayo bado, imo sandukuni chini ya nguo zake. Barua yako ya Aprili ilipokuja nilidhani mmesikia na mnakuja kunipa pole. Nikaifungua, nikakuta habari za mwanamke mwingine. Nilikuchukia mpaka nilipofika pa kovu. Hapo nikajua kwamba kama simwandikii yeye, na mimi pia nitageukia ukutani.

Kuhusu yule kijana wa Kizigua sina la kukwambia. Mfikirie.

Asmahani mlete. Chumba cha Mselem kiko wazi, atakaa humo. Yeye atakuwa ametoka edani na mimi bado, kwa hiyo atakwenda kisimani na kunipikia, na mimi nitakuwa ndani ninafunga mafundo yangu ya mwisho.

Nawe usije ukasimama nje kwenye stuli. Wewe na mimi tumenyonya ziwa moja, ni maharimu wangu, eda haikuzuii kuniona. Tangu siku ya kwanza hukuwa unazuiwa. Ingia moja kwa moja mpaka chumbani, na Mama umshike mkono, kizingiti changu kiko juu na goti lake silo lile la zamani.

Baba akitaka kuja, aje. Asipotaka, msimlazimishe, ila mwambieni nilikuwa nimemwekea mkeka.

Msije na vitu. Mkishindwa kabisa kuja mikono mitupu, sabuni. Ya mche.

Dada yako,
Mastura Yudith